Mpito wa haki wa tabianchi kwa biashara ndogo za chakula Afrika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa kwenye mafunzo ya wasindikaji wadogo, mama lishe, wauza samaki na maofisa wanaowahudumia. Mengine yaliulizwa kwa hasira, na hasira hiyo tumeiacha ilivyo. Majibu yanamlenga mwenye biashara na pia yule anayetaka kumsaidia. Mifano mingi ni ya Afrika Mashariki kwa kuwa ndiko tunakokujua zaidi.

Mimi nakaanga mihogo kando ya barabara. Tabianchi inanihusu nini?

Inakuhusu kwa njia mbili, na ya kwanza wala si moshi wako. Bara zima la Afrika linatoa takriban asilimia 4 tu ya gesijoto (gesi zinazopasha dunia joto) zote, kwa hiyo anayekuja kukulaumu kwa karai lako amebisha mlango usio wake. Kinachokuhusu kwanza ni kwamba hali ya hewa imeshaingia kwenye hesabu zako, hata kama hujaipa jina. Ukame ukipiga, mihogo inapanda bei. Mvua ikinyesha siku nne mfululizo, mkaa unakuja umelowa na wateja hawatoki. Pembe ya Afrika ilipokosa misimu mitano ya mvua mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mamilioni ya mifugo walikufa, na muuza maziwa wa mjini aliyewategemea akakosa cha kuuza.

Njia ya pili ni nishati unayopikia, baridi unayohifadhia na chakula unachotupa. Hapo mchango wako kwa joto la dunia ni mdogo sana, ila ndipo pesa yako inapovujia, na ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu inazungumzia mivujo hiyo.

"Mpito wa haki" ni kitu gani hasa?

Mpito ni kuhama kutoka namna moja ya kuzalisha na kupika kwenda nyingine isiyoharibu hewa na inayohimili hali mpya. Haki ni swali la nani analipia nauli.

Maneno hayo yamo kwenye utangulizi wa Mkataba wa Paris wa 2015, na mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani (ILO) likatoa mwongozo wake. Walioanza kuyatumia ni vyama vya wafanyakazi wa viwandani, na sasa mfano unaotajwa zaidi ni mchimba makaa ya mawe: mgodi ukifungwa, afundishwe kazi nyingine na alipwe stahiki zake. Ni jambo jema. Lakini mchimba makaa ana mwajiri, mkataba na chama. Afrika, zaidi ya watu 8 kati ya 10 wanaofanya kazi wako kwenye sekta isiyo rasmi. Mama lishe akipigwa marufuku kutumia mkaa leo, hakuna wa kumdai kiinua mgongo.

Kipimo chetu ni cha daftari. Chukua mpango wowote unaoitwa wa kijani, chora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja andika anayelipa na mwingine anayefaidi. Jina la mama lishe likitokea upande wa malipo peke yake, mpango huo una mpito ila hauna haki.

Waliochafua ni matajiri. Kwa nini tusikae tukasubiri walipe?

Kudai ni haki yenu na kuendelee. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi nchi maskini dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kiasi hicho kilifikiwa 2022, miaka miwili baada ya ahadi kuiva. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na tabianchi, ulikubaliwa kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh mwaka huo wa 2022. Viongozi wa Afrika walitoa Azimio la Nairobi Septemba 2023. Kwenye mkutano wa Baku, 2024, ikaja ahadi mpya ya dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035.

Sasa tazama zinakoishia. Katika fedha zote za tabianchi zilizofuatiliwa duniani mwaka 2019/20, wakulima na wafanyabiashara wadogo wa chakula walipata asilimia 0.8. Kwa hiyo subira yenu ina foleni ndefu mbele yake, na nyanya haziwezi kusimama kwenye foleni hiyo.

Nianzie wapi? Sina pesa ya sola wala ya mashine.

Anza na unachotupa. Kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), karibu asilimia 14 ya chakula duniani hupotea kati ya kuvunwa na kufika dukani. Kwa hesabu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), mwaka 2022 asilimia 19 nyingine ya chakula kilichowafikia walaji ilitupwa madukani, mahotelini na majumbani. Upotevu huo wote unachangia asilimia 8 hadi 10 ya gesijoto za dunia, kwa sababu embe lililooza limeshakunywa maji, limeshakula mbolea na limeshachomewa dizeli ya lori. Ndiyo maana kuokoa embe ni kazi ya tabianchi, na kwa bahati nzuri faida yake inabaki mfukoni mwako.

Kwa wiki mbili, kila jioni, andika mambo matatu: nimetupa nini, kwa nini, na kingeuzwa shilingi ngapi. Usimwachie kijana wa kazi, andika mwenyewe. Wengi waliokuja kwetu wakiomba friji la sola waligundua kwa daftari hilo kwamba hasara yao inaanza kabla ya friji. Nyanya zilizosafirishwa kwenye tenga refu zinafika za chini zimeshapondeka, na hakuna baridi ya kuponya nyanya iliyopasuka. Kreti za plastiki zinazopangika, kuvuna alfajiri, na turubai la kivuli pale mzigo unaposubiri gari: hayo matatu ni nafuu kuliko friji lolote.

Dagaa ni somo lingine zuri. Kwenye mialo mingi ya Ziwa Victoria bado wanaanikwa mchangani. Mvua ikija ghafla hakuna wa kuwakusanya kwa wakati, na hata jua likiwaka wanatoka na mchanga, hivyo sehemu kubwa inaishia kuwa chakula cha kuku. Vichanja vya miti na nyavu, vilivyoinuliwa usawa wa kiuno, vinapitisha hewa juu na chini. Dagaa wanakauka upesi zaidi, mvua ikitishia unavuta turubai juu yake, na anayenunua ni binadamu, kwa bei ya binadamu.

Kwenye mahindi na karanga hasara ni ya afya pia. Joto na ukame huupa nguvu ukungu unaotoa sumukuvu. Unyevu wa ghalani humalizia kazi. Mwaka 2004 sumukuvu iliugusa mkoa wa mashariki mwa Kenya: watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, weka punje za mahindi na chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Ikidondoka yote chini, yamekauka kiasi cha kuingizwa kwenye magunia yasiyopitisha hewa au kihenge cha chuma. Magunia hayo yanaua wadudu kwa kuwanyima hewa, bila dawa, lakini ukiyafungia mahindi mabichi umejifungia matatizo ndani.

Natumia mkaa. Nifanye nini, na kwa hesabu gani?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Mkaa unaonekana mwepesi kwa sababu uzito wake umebaki msituni. Tanuri la udongo la kawaida linageuza asilimia 10 hadi 20 tu ya uzito wa kuni kuwa mkaa, yaani kilo moja mkononi mwako ilikuwa kilo tano hadi kumi za mti. Na moshi: Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo takriban milioni 3.2 mwaka 2020 vilivyotokana na hewa chafu ya jikoni na majumbani. Anayepika kwa biashara anaivuta saa kumi kwa siku.

Kabla ya kubadili nishati, badili upishi. Loweka maharage usiku kucha. Funika sufuria. Gawa kuni ndogo na kavu. Zuia upepo. Watu hucheka wakisikia hayo, kisha wanarudi wiki inayofuata kusema gunia limechelewa kuisha.

Halafu ndipo jiko banifu, lile linalobana matumizi ya mkaa, na hapo fanya hesabu. Tuseme unatumia magunia 3 ya mkaa kwa mwezi, kila moja shilingi 90,000 za Tanzania. Hiyo ni 270,000. Jiko banifu kubwa linalokupunguzia theluthi linakuokolea 90,000 kwa mwezi. Kama linauzwa 360,000, miezi minne limejilipa. Weka namba zako mwenyewe. Zikitoa zaidi ya mwaka mmoja, tafuta jiko jingine au fundi mwingine. Na usikubali "theluthi" ya muuzaji bila kuijaribu kwa wiki moja na sufuria yako.

Umeme usiudharau kwa sababu ya pasi na hita zinazokula uniti. Jiko la umeme la presha linaivisha kilo moja ya maharage kwa chini ya uniti moja. Kenya, ambako karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, huo ni upishi safi kweli. Udhaifu wake tunaujua sote: umeme unakatika saa sita mchana, wateja wamejaa. Usiuze jiko lako la zamani.

Mkaa mbadala wa vifuu, pumba au vumbi la mkaa hutofautiana mno. Mzuri unawaka taratibu na haurushi cheche. Mbaya una udongo mwingi na unaacha majivu nusu ya jiko. Nunua mfuko mmoja, pika nao, kisha ndipo uagize kumi.

Gesi ya mtungi ni safi?

Kwa mapafu yako na kwa msitu, ndiyo. Kwa tabianchi ni mafuta ya kisukuku, kwa hiyo ni kituo cha njiani. Anayemhubiria mama lishe kuhusu gesi huku yeye akiendesha gari la dizeli, mwache aende.

Nchi nyingi sasa zinasukuma nishati safi kwa nguvu. Marufuku ni haki?

Marufuku inayokuja baada ya njia mbadala kupatikana, kwa bei inayolipika, inaweza kuwa ya haki. Ikitangulia, inawafanya watu wapike kwa kujificha. Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris ulioahidiwa dola bilioni 2.2 kwa kazi hiyo Afrika. Lengo tunaliunga mkono. Swali letu kwa kila halmashauri ni moja: mtungi wa kwanza na jiko lake, ambavyo ndivyo ghali, nani ananunua? Kujaza gesi mtu atahangaika nako. Kizingiti ni siku ya kwanza.

Na muuza mkaa je? Yeye si mfanyabiashara mdogo?

Ni mfanyabiashara, na karibu kila mpango tuliousoma umemsahau. Nyuma ya gunia moja yupo mchomaji, mwenye baiskeli au pikipiki, mpakiaji, muuzaji wa jumla, na mama anayepima kwa kopo. Hao wana vitu viwili ambavyo kampuni mpya ya nishati inavitafuta kwa gharama kubwa: wateja wanaowaamini na usafiri unaofika uchochoroni. Wapewe nafasi ya kwanza ya kuwa mawakala wa mitungi midogo na mkaa mbadala. Wachomaji wa vijijini ni kazi ngumu zaidi. Kwao mkaa mara nyingi ndio pesa ya kiangazi pale mazao yanapogoma, kwa hiyo mbadala wake ni mazao yanayohimili ukame na mizinga ya nyuki, na hayo huchukua miaka.

Ninunue friji la mtumba?

Fikiri mara mbili. Friji kuukuu linakula umeme mwingi, na baadhi yana gesi ambazo zikivuja zinapasha joto dunia kwa kiasi cha kutisha: kilo moja ya R-134a, iliyo ya kawaida sana, ni sawa na zaidi ya kilo elfu moja za hewa ukaa. Mkataba wa nyongeza uliopitishwa Kigali Oktoba 2016 ndio unaozipunguza gesi za kundi hilo. Ghana ilianza kuzuia friji za mtumba kuingia nchini mwaka 2013. Ukinunua jipya, tazama kibandiko cha nyuma: R-600a au R-290 ni gesi nzuri. Zinashika moto, kwa hiyo mpe fundi anayezijua na si yule anayejaza gesi yoyote aliyonayo kwenye begi.

Na jiulize kama unahitaji friji la peke yako. Nigeria, ColdHubs wameweka vyumba vya baridi vya sola sokoni na mashambani, na mteja analipa kwa kreti kwa siku. Ni wazo linalowafaa wachuuzi kuliko kila mmoja kuhangaika na lake. Ila chumba cha pamoja kinahitaji sheria zake: ndizi zikikaa chini ya nyuzi 13 zinapiga weusi, wakati mboga za majani zinataka karibu na nyuzi sifuri, na samaki hakai na yeyote. Tumeona chumba kizuri kikigombaniwa kwa sababu hakuna aliyewaambia wanachama kwamba maembe na mchicha haviishi nyumba moja.

Tunakausha samaki kwa moshi. Tuna nafasi gani?

Nzuri, na Afrika Magharibi imetangulia. Jiko la Chorkor, lililopewa jina la kitongoji cha Accra ambako lilibuniwa zaidi ya miaka 50 iliyopita, linapanga trei za samaki juu kwa juu ili moto mmoja ukaushe tabaka nyingi, hivyo kuni zinapungua. Lililofuata ni la Thiaroye, Senegal, lililotengenezwa kwa ushirikiano na FAO. Hilo linatenganisha kukausha na kutia moshi, na lina trei ya kukinga mafuta ya samaki yasidondokee motoni. Mafuta yanayodondokea motoni ndiyo yanayozalisha kwa wingi kemikali za moshi zinazohusishwa na saratani, na Umoja wa Ulaya ulikaza kikomo chake kwa samaki wa moshi mwaka 2014.

Ujenzi wake ni ghali kuliko pipa lililokatwa. Kwa kikundi cha akina mama kumi wanaopokezana linawezekana; kwa mtu mmoja anayekausha ndoo mbili, Chorkor inatosha.

Vifungashio?

Fuata sheria ya nchi yako kwanza: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Zaidi ya hapo, usijitese. Kifungashio cha karatasi kinachoruhusu unga uingie unyevu na utupwe kimeharibu mazingira kuliko plastiki nzito iliyoulinda.

Maganda na mabaki nifanyie nini?

Yakirundikwa na kufunikwa dampo yanaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa ikipimwa kwa miaka 20. Mpe mfugaji, au utengeneze mboji. Maganda ya muhogo yakikaushwa vizuri ni chakula cha mbuzi. Kufuga funza kwa mabaki ili kulisha kuku na samaki kunalipa ukiwa karibu na soko lenye taka nyingi; kwa kibanda kimoja, hapana.

Mnunuzi wa Ulaya anataka ramani ya shamba langu la kahawa. Ni halali?

Ni halali. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 dhidi ya ukataji misitu inahusu bidhaa saba: kahawa, kakao, ng'ombe, mawese, soya, mpira na mbao. Inataka uthibitisho kwamba havikutoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa, lakini wanunuzi wameshaanza kukusanya taarifa. Shamba la hadi hekta 4 linatosha nukta moja ya GPS. Kubwa zaidi linachorwa mipaka.

Uhalali si haki. Mkulima wa nusu ekari chini ya migomba hakukata msitu wa mtu, ila gharama ya kujithibitisha imemwangukia yeye au ushirika wake. Ushauri wetu: upimaji ufanywe na chama chenu cha ushirika, na nakala ya taarifa ibaki chamani. Mnunuzi akipima yeye na kuondoka na ramani, mwakani hamwezi kumuuzia mwingine bila kuanza upya, na bei atapanga yeye.

Tulihama mara moja na joto limetufuata. Tuhame mara ngapi?

Swali hili liliulizwa na mkulima wa mwani, na halina jibu la haraka. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 na wengi wa wakulima ni wanawake. Aina yenye bei nzuri, kotonii, haikuweza kuvumilia maji ya kina kifupi yalivyopata joto, ikawa inakufa. Wengi wakahamia spinosamu inayovumilia zaidi lakini bei yake ni ya chini. Wengine wakajaribu maji ya kina kirefu, ambako kunahitaji mashua na kujua kuogelea, vitu ambavyo wanawake wengi hawakuwa navyo. Waliopona vizuri zaidi kwa tuliyoyaona ni waliopunguza kutegemea mwani mkavu wa gunia na kuanza kuusindika wenyewe: sabuni, jamu, juisi, unga. Mafunzo ya kuogelea nayo ni fedha ya tabianchi, ingawa ni nadra kuyaona kwenye bajeti ya mradi.

Mtaji upatikane wapi bila kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kubwa mno)?

Mkopo wa wiki kwa riba ya kausha damu usiununulie kifaa kinachojilipa kwa mwaka. Hata kifaa kikiwa kizuri, marejesho yatakumaliza kabla akiba haijaanza kuonekana. Mpangilio tunaoupendekeza ni huu: hatua za bure kwanza, akiba yake iingie kikoba au chama, na kikoba ndicho kinunue kifaa cha kwanza.

Tanzania, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, kwa hiyo uliza upya hata kama uliwahi kukatishwa tamaa. Kenya kuna Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kwa vikundi vikubwa, Benki ya CRDB ilipata 2019 ithibati, yaani kibali cha kupitishia fedha, ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, na 2021 ukaidhinishwa kupitia kwake mpango wa dola milioni 200 kwa kilimo cha Tanzania. Mama mmoja hataingia mlango huo peke yake. Ushirika wenye hesabu zilizokaguliwa unaweza.

Kuna mtu anagawa majiko bure, anataka tusaini karatasi ya kaboni. Tusaini?

Msisaini siku hiyo. Karatasi hiyo kwa kawaida inampa haki ya kuuza punguzo la hewa ukaa linalotokana na upishi wenu. Si lazima iwe wizi, jiko ni jiko, lakini mjue mnachouza. Soko lenyewe lina doa: utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulikuta miradi ya majiko iliyochunguzwa ilidai punguzo takriban mara 9 ya lililokuwepo. Ulizeni mkataba ni wa miaka mingapi, jiko likivunjika nani analibadili, na mapato yanagawanywaje. Sheria ya Kenya iliyorekebishwa 2023 inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka kwa miradi ya ardhi na 25 kwa mingine, baada ya kutoa gharama. Kama nchi yenu haina kifungu kama hicho, hizo namba ziwe mahali pa kuanzia mazungumzo. Na pesa ya kaboni isiingie kwenye bajeti yenu hadi ionekane kwenye akaunti.

Mimi ni ofisa wa mradi. Wapi huwa tunakosea?

Kwenye kalenda, kwanza. Mafunzo ya usindikaji wa maembe yanayofanyika msimu wa maembe yanahudhuriwa na wasio na maembe. Kwenye kipimo, pili: mnahesabu vifaa vilivyogawiwa badala ya vinavyotumika mwaka wa pili. Niliwahi kutembelea kijiji kilichopewa kaushio zuri la jua, kioo na fremu za alumini. Ndani walikuwa wanatamia kuku. Nilikasirika hadi mama mmoja aliponieleza: trei zake zilikuwa fupi kuliko vipande vya muhogo wanavyokata wao, na hakuna aliyewauliza. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokagua michoro.

Kosa la tatu ni kumpa mtu mashine bila mtaji wa malighafi. Kaushio lenye uwezo wa kilo 200 mikononi mwa mwenye pesa ya kununua kilo 20 linamwongezea kazi tu. Na dhamana: ukidai hati ya ardhi, umewatoa wanawake wengi mlangoni kabla ya kuanza. Daftari la mauzo la miezi sita na wadhamini watatu wa kikundi vinaeleza zaidi kuhusu atakayelipa.

Mradi umeisha, mashine imeharibika. Nani anatengeneza?

Kama swali hili linaulizwa baada ya mashine kufika, limechelewa. Kabla ya kupokea, taka mambo manne kwa maandishi: jina la fundi aliye ndani ya wilaya, orodha ya vipuri na duka linaloviuza, siku ya mafunzo ya matengenezo kwa wanachama wawili na si mwenyekiti peke yake, na nani mwenye mashine mradi ukifungwa. Kisha kikundi kikate kiasi kidogo kwa kila kilo inayosindikwa, kiwekwe kwenye sanduku la vipuri ambalo haliguswi kwa misiba wala ada za shule. Betri za sola ndizo huanza kufa, za asidi mara nyingi ndani ya miaka michache. Uliza bei yake leo, igawe kwa miezi, na anza kuiweka mwezi huu.